Yaachieni Maji Njia Yake

(Mazungumzo na kamati za mabwawa, kabla ya mvua za Novemba. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa wengi waliokuwepo waliyaomba.)

 

Nimeambiwa nizungumze juu ya utunzaji wa mabwawa ya udongo, haya yetu tunayoyaita silanga. Mimi si injinia. Mimi ni mfanyakazi wa jamii. Nilisomea diploma, na tangu hapo nimetembea na kamati za maji karibu miaka 20. Kwa hiyo sitawapa somo la hesabu kubwa. Lakini kuna jambo moja nililojifunza kwa uchungu, na ningependa tuanze nalo, hata kama linaniaibisha.

Kosa langu

Ilikuwa mwaka 2006. Nilikuwa bado mgeni kazini. Katika sehemu moja ya Ukambani, ambayo sitaitaja, watu walikuwa wamejenga bwawa kwenye mto wa msimu. Walilijenga kweli kweli. Vikundi vya mwethya vilibeba udongo kwa karai, ng'ombe wakavuta, baadaye tinga likaja kumalizia. Ukuta ulikuwa na kimo cha kama mita 6. Upande wa kushoto, kwenye ardhi ngumu ya asili, fundi alikuwa ameacha njia pana ya maji yaliyozidi. Watu wa ofisi ya maji huiita spilwei. Mimi leo nitaiita njia ya pembeni.

Bwawa lile lilileta heri. Akina mama waliacha kwenda mbali na punda. Chini ya bwawa, watu kama 15 walianza kulima nyanya, sukuma wiki na vitunguu. Walilipa kamati kitu kidogo, na wengi wao walisomesha watoto kwa nyanya zile.

Basi ikaja miaka ya mvua haba. Maji yakawa yanaisha mapema. Kamati ikakaa, ikasema: kila mvua tunaona maji mengi yakipita kule pembeni yakienda bure. Kwa nini tusiyazuie? Wakajaza magunia mchanga, wakayapanga kuziba njia ya pembeni. Mwanzo yalifika magotini. Walipoona yanafaa, wakaongeza hadi kiunoni.

Katika mkutano, mama mmoja mzee alisimama akauliza: "Na maji yakija mengi kuliko haya, yatapita wapi?" Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Mama, wewe umezoea kuogopa." Akakaa chini.

Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa na kitabu changu cha chuoni, na ndani yake nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba njia ya pembeni haizibwi kamwe. Nilijua yule mama amesema kweli. Lakini mwenyekiti alikuwa na umri wa baba yangu, nami nilihitaji sahihi yake kwenye ripoti ya wafadhili. Nikanyamaza. Na zaidi ya kunyamaza, niliandika katika ripoti kwamba kamati imeonyesha bidii kwa kuongeza maji.

Mvua za Novemba zikaja. Mwaka ule zilikuwa kubwa, wengi wenu mnakumbuka. Usiku mmoja maji yakapanda yakapita juu ya ukuta, mahali palipokuwa pamebonyea kwa sababu ng'ombe walikuwa wakivukia hapo. Mlinzi alisikia mvumo. Akakimbia akipiga filimbi na kugonga milango ya watu waliokaa kwenye bonde. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtu yule, maana hakuna aliyekufa. Lakini nyumba tatu zilikwenda, mbuzi wakaenda, nyanya zote zikaenda. Asubuhi ukuta ulikuwa umekatwa katikati kama mkate, na bwawa lilikuwa tupu.

Akina mama walirudi kuchimba visima kwenye mchanga wa mto. Ilichukua miaka mitatu kulijenga tena. Yule mama mzee nilikutana naye njiani akiwa na mtungi mgongoni. Alinisalimia vizuri tu. Hakusema neno. Nafikiri ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Ndiyo sababu leo nataka kusema waziwazi: bwawa la udongo hubomoka mara mbili. Kwanza hubomoka kwenye mkutano, pale anayejua anapoona aibu kusema. Baadaye ndipo hubomoka mtoni.

Udongo unazuiaje maji?

Wengine hudhani ukuta wa udongo ni kitu cha maskini, na kwamba mabwawa ya kweli ni ya saruji. Sivyo. Masinga, lililomalizika mwaka 1981 kwenye mto Tana, ni bwawa la udongo na mawe. Sasumua na Ndakaini, yanayonywesha Nairobi, ni ya udongo. Udongo ukishindiliwa vizuri ni kitu imara.

Siri yake ni tatu. Ya kwanza ni uzito. Ukuta ni mpana sana chini na mwembamba juu. Kwa kawaida, upande wa maji, kwa kila mita 1 ya kupanda, ukuta hutoka nje kama mita 3. Ya pili ni kushindilia. Udongo huwekwa tabaka kwa tabaka, ukiwa na unyevu wa kiasi, na kila tabaka hushindiliwa kabla ya lingine. Ukimwaga lundo kubwa mara moja ukalipiga juu juu, ndani panabaki mapengo. Ya tatu ni udongo wa mfinyanzi katikati, ambao maji hupita ndani yake polepole sana.

Nasema polepole, sisemi hayapiti. Kila ukuta wa udongo una unyevu ndani yake. Kwa hiyo msishtuke mkiona mahali penye majimaji chini ya ukuta. Jambo la kuangalia ni rangi. Maji yanayotoka yakiwa safi na kidogo, yawekee alama, myaangalie kila wiki kama yanaongezeka. Yakitoka na rangi ya udongo, hiyo ni habari nyingine kabisa. Maana yake maji yameanza kubeba ukuta kutoka ndani. Yanachimba shimo kama bomba, na bomba hilo hupanuka kila dakika.

Kule Marekani, katika jimbo la Idaho, kulikuwa na bwawa kubwa la udongo lililoitwa Teton. Lilijengwa na mainjinia wa serikali, na kazi yake mojawapo ilikuwa kumwagilia mashamba. Tarehe 5 Juni 1976, asubuhi, wafanyakazi waliona maji ya matope yakitoka kwenye ukuta. Wakaleta tinga kuziba shimo. Tinga zenyewe zikamezwa. Kabla ya saa sita mchana ukuta ulikuwa umebomoka. Watu 11 walikufa. Wangekufa wengi zaidi kama watu wa bondeni wasingeambiwa wahame. Tangu matope yalipoonekana hadi bwawa kubomoka hazikufika saa tano. Sasa fikirini silanga letu, lisilo na injinia wala tinga. Sisi tutapata muda gani?

Basi kumbukeni hivi: maji safi, angalia, maji ya matope, wahamishe watu kwanza, halafu ndipo umpigie chifu.

Wanaotoboa ukuta ni nani? Ni fuko, nungunungu, mchwa, na mizizi ya miti. Wengi wetu tumefundishwa kupanda miti kila mahali, na ni vizuri. Lakini si juu ya ukuta. Mti ukifa, mizizi huoza na kuacha mashimo ndani. Juu ya ukuta panda nyasi fupi zinazotambaa. Na ng'ombe wasipite pale. Njia ya ng'ombe juu ya ukuta ni kama mtaro: kila siku unashuka kidogo, na siku ya mafuriko maji hutafuta pale palipo chini.

Njia ya pembeni si shamba

Sasa nirudi kwenye njia ya pembeni. Udongo huweza kuzuia maji, lakini hauwezi kustahimili maji yanayopita juu yake. Saruji ikimwagikiwa inaweza kusimama. Udongo ukimwagikiwa huliwa. Ndiyo maana fundi huacha kimo kati ya njia ya pembeni na kilele cha ukuta, angalau mita 1 kwa mabwawa kama haya yetu. Ile mita moja mnayoiona kavu kila siku, mkadhani ni hasara, ndiyo uhai wenu. Ukiweka magunia, unaila mita ile.

Mtu wa magunia si mtu mbaya. Hilo nataka lieleweke. Ni mtu mwenye karo ya kulipa na nyanya zinazonyauka. Lakini maji hayajui karo.

Tarehe 9 Mei 2018, usiku, kule Solai, Nakuru, bwawa la udongo la shamba moja la watu binafsi lilibomoka wakati wa mvua kubwa. Maji yalishuka juu ya nyumba za vibarua na wakulima wadogo waliokuwa wakila chakula cha jioni au wamelala. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Hawakuwa na neno lolote katika bwawa lile. Hawakukaa kwenye kamati, na hakuna aliyewauliza.

Miaka sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliua tena watu zaidi ya 40 karibu na Maai Mahiu. Watu wengi walisema ni bwawa limepasuka. Serikali ilieleza kwamba halikuwa bwawa. Njia ya maji chini ya tuta la reli ya zamani ilikuwa imezibwa na takataka, mawe na matope; maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakalivunja. Mnaona? Tuta la reli halikujengwa kuzuia maji. Lilipozibwa njia tu, likageuka bwawa.

Na msidhani ni mambo ya maskini peke yao. Mvua za mwaka 2003 ziliharibu njia ya pembeni ya Sasumua, na Nairobi ikapungukiwa maji. Kule Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili yaliyo juu ya mji wa Derna yalibomoka usiku mmoja wa dhoruba, na maelfu ya watu wakafa. Yalikuwa yamekaa miaka mingi bila matengenezo ya kutosha, ingawa wataalamu walikuwa wameonya.

Kwa hiyo, njia ya pembeni isizibwe kwa magunia, wala kwa ua wa miiba, wala kwa shamba la mahindi. Mahindi nayo huzuia maji. Iwe wazi, iwe na nyasi, na kabla ya kila mvua kamati iitembee yote kwa miguu.

Nani anywe kwanza?

Mtaniuliza: sasa tukikataa magunia, maji ya kutosha yatatoka wapi? Swali hilo ni la haki. Tufanye hesabu ndogo.

Mita 1 ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Familia ikitumia mitungi 5 kwa siku, ni lita 100. Ekari moja ya nyanya, wakati wa jua kali, inaweza kutaka kama lita 20,000 kwa siku. Gawanyeni. Ekari moja inakunywa maji ya familia 200. Na pampu ndogo ya petroli, ile ya inchi 2, inaweza kuvuta lita 25,000 kwa saa moja. Mtu mmoja mwenye pampu, akiamka saa kumi za usiku, kabla hamjachemsha chai amekwisha kuvuta maji ya kijiji.

Sisemi watu wasilime. Bila shamba, nani atalipia matengenezo ya bwawa? Nasema kuwe na utaratibu. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema matumizi ya nyumbani yanatangulia matumizi mengine yote. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kwa hiyo mama mwenye mtungi akidai maji kabla ya nyanya, haombi msaada. Anadai haki yake.

Njia rahisi niliyoona ikifaulu ni nguzo. Simamisheni nguzo ndani ya bwawa, mpake rangi. Maji yakiwa kwenye kijani, pampu zinafanya kazi kwa zamu. Yakifika kwenye njano, zamu zinapunguzwa nusu. Yakifika kwenye nyekundu, pampu zote zinafungwa, hata ya mwenyekiti. Hasa ya mwenyekiti. Alama hizo zikubaliwe na mkutano wote wakati maji yamejaa na watu wamepoa mioyo. Msingoje kiangazi, maana kiangazi kila mtu ni wakili.

Halafu maji ya kunywa yasichotwe mle ambamo ng'ombe wanaoga. Wekeni ua kulizunguka bwawa. Ua huo pia utaokoa watoto wasizame. Vutieni maji kwa bomba hadi kwenye birika la mifugo, chini ya ukuta na mbali nao. Kwa ajili ya watu, kisima kilichochimbwa chini ya bwawa, chenye kifuniko na pampu ya mkono, hutoa maji yaliyochujwa na mchanga. Hata hayo yachemsheni. Maji ya bwawa yakionekana meupe bado yanaweza kuwa na homa ya matumbo na kichocho ndani yake.

Maji mengi yako chini ya matope

Kuna maji mengine ambayo mnayo tayari, ila yamepoteza nafasi. Nafasi hiyo imechukuliwa na matope. Hata Masinga, pamoja na ukubwa wake, limepokea matope mengi kuliko walivyokisia waliolijenga, na mengi ya matope hayo yalikuwa mashamba ya watu. Udongo wa juu wa shamba lako ndio sakafu ya bwawa lako.

Badala ya kuinua maji kwa magunia, shusheni sakafu. Bwawa likikauka, chimbeni matope myapeleke mashambani, ni mbolea nzuri. Ila msichimbe karibu na mguu wa ukuta, wala msiguse ule udongo wa mfinyanzi unaoziba chini. Kule juu, wenye mashamba waweke matuta ya fanya juu, na kwenye makorongo wapange mawe na wapande nyasi za napia. Watu wa juu watauliza wanapata nini, na wao hawanywi maji ya bwawa. Wana haki kuuliza. Wapeni viti kwenye kamati. Wapeni miche. Bwawa ambalo watu wa juu hawana sehemu ndani yake hujaa udongo wao.

Na kama kweli mnataka ukuta uinuliwe, hilo linawezekana, lakini ni kazi ya mtaalamu na ya kibali kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Atapima ukuta na njia ya pembeni pamoja. Ukuinua kimoja ukaacha kingine, umejenga hatari.

Neno la mwisho

Kabla hatujaenda kunywa chai, naomba mambo manne kwa kila kamati iliyo hapa, yafanywe kabla ya mvua.

La kwanza, tembeeni juu ya ukuta wote na chini yake, mkiwa wengi, mkitafuta mashimo, nyufa, mahali palipobonyea na maji yanayotoka. Andikeni kitabuni, na tarehe.

La pili, fungueni njia ya pembeni. Kama kuna magunia, yatoeni wiki hii.

La tatu, orodhesheni kila nyumba iliyo bondeni chini ya bwawa, na mkubaliane juu ya ishara ya usiku: filimbi, kengele, au simu, na nani ataanza kupiga. Watu wale wajue watakimbilia kilima gani.

La nne ndilo gumu. Katika mkutano wenu ujao, mwenyekiti aulize: "Kuna mtu anayeogopa jambo lolote kuhusu bwawa hili?" Kisha anyamaze, asubiri. Akisimama mama mzee, msicheke. Akisimama kijana, msimwambie akae chini. Na wewe mwenzangu mwenye diploma, uliyekaa hapo na kalamu yako, ukijua jibu, sema. Sahihi ya mwenyekiti itapatikana siku nyingine.

Mwaka jana nilipita tena kwenye bwawa lile la kosa langu. Limejengwa upya, na njia ya pembeni iko wazi, ina nyasi kama uwanja wa mpira. Yule mama mzee amekwisha kufariki. Nilimkuta mjukuu wake akifunga pampu, maana maji yalikuwa yamefika kwenye rangi nyekundu. Nyanya zake bado zilikuwa na wiki mbili. Nikamuuliza kama haimuumi. Akasema inamuuma sana. Halafu akatoa ufunguo, akaupeleka kwa mweka hazina.

 Sasa niko tayari kwa maswali, na nitafurahi wakianza wale wa nyuma.